TUSICHEKANE: KOSA HILI LINA ASILI

Nimeshika kalamu nitoe maoni yangu kuhusu jambo linalotusumbua sisi wanafunzi wa shule za kutwa hapa Migori na jirani zetu wa Homa Bay. Nalo ni majina ya Kiingereza yanayohesabika na yasiyohesabika. Huenda ukauliza, "Kiingereza kimeingiaje katika jarida la Chama cha Kiswahili?" Tulia, utaona.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alisimama darasani akasema "furnitures". Lo! Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo hainui mkono, hata kama jibu analijua. Mimi nasema kicheko kile hakikumfunza lolote. Aliambiwa amekosa, hakuambiwa kwa nini.

Sababu ni hii. Kiswahili tunachosema kila siku huonyesha wingi waziwazi. Twasema "habari hizi", "vifaa hivi", "mizigo hii", "nywele zangu ni ndefu". Anayefikiri hivyo akigeukia Kiingereza atasema "these informations", "equipments", "luggages" na "my hairs are long". Huyo si mjinga. Amefuata ngeli zake. Kumbe Mwingereza huziona habari kama maji: huzichota, hazihesabu. Akitaka moja husema "a piece of information".

Tena tusidhani Kiingereza chenyewe kinafuata mantiki tupu. Nenda Rongo siku ya soko. Mama ameweka mahindi na maharagwe, na yote anayapima kwa gorogoro. Sisi twasema hindi moja, mahindi mawili. Haragwe moja, maharagwe mawili. Mwingereza akifika pale, maharagwe ni "beans", yanahesabika, lakini mahindi ni "maize", hayahesabiki! Jamani, gorogoro si ni ile ile? Basi kuhesabika si jambo la macho, ni desturi ya lugha. Na desturi hufunzwa. Hakuna anayezaliwa nayo.

Wala wazo lenyewe si geni kwetu. Miwa ikiwa shambani kule Awendo twaihesabu: muwa mmoja, miwa miwili. Ikishasagwa na kupikwa kiwandani hutoka sukari, na sukari twaipima kwa kilo. Ndiyo maana mwalimu wetu wa Kiswahili ameiweka katika ngeli ya I-I. Unga nao u katika U-U. Maji yako katika YA-YA. Umbo lake ni la wingi, lakini nani amewahi kuhesabu maji moja, maji mawili? Hapo ndipo "these waters" hutoka. Hata omena wa Homa Bay, ingawa kila mmoja ana kichwa na mkia wake, sokoni tunawapima kwa gorogoro. Na mkahawani watu huagiza "chai mbili" wakimaanisha vikombe viwili. Waingereza nao husema hivyo hivyo: "two teas".

Maoni yangu ni kwamba mwalimu wa Kiingereza na wa Kiswahili wafunze somo hili bega kwa bega. Ubao ugawanywe mara mbili: upande huu ngeli, upande ule majina ya Kiingereza, tuone yanapokutana na yanapoachana. Najua wapo watakaosema eti kuchanganya lugha kutatupotosha, na kwamba wakati wa Kiingereza tufikiri kwa Kiingereza tu. Naheshimu maoni yao. Lakini vichwani mwetu lugha hizi zimekwisha kuchanganyika, tupende tusipende. Ni heri zichanganuliwe mchana, ubaoni, kuliko zitutege ndani ya chumba cha mtihani. Katika KCSE, Kiingereza na Kiswahili vyote ni vya lazima. Hakuna pa kukimbilia.

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Sawa, lakini mtu ataachaje kurudia ikiwa asili ya kosa hakuelezwa?

Nikitia nanga, nawasihi wanafunzi wenzangu: siku nyingine mtu akisema "furnitures", meza kicheko chako umweleze. Nanyi walimu wetu wapendwa, tusaidieni. Anayejua ngeli zake vyema hawezi kushindwa na "maize".

Kiswahili kitukuzwe!