Mashauri kwa Wakulima: Kingo za Shamba la Njugu

Mkulima hodari hapendi kuona majani yamesimama kando ya shamba lake. Lakini mwenye njugu karanga akiyafyeka wakati wa kiangazi, bidii yake yaweza kumletea hasara.

Sababu ni wadudu wenye miguu minane waitwao utitiri, wasiofikia hata nusu milimita. Wao hukaa chini ya majani ya magugu ya mpakani na ya mahindi, wakifyonza utomvu wake. Magugu yakifyekwa, au mahindi yakikauka, utitiri hukosa chakula. Nao huchukuliwa na upepo hata kwenye njugu. Katika joto kali, yai huwa mdudu mzima kwa muda wa juma moja hivi.

Wakulima wa njugu wa North Carolina, huko Marekani, hushauriwa wasifyeke kingo za mashamba siku za joto na ukame. Yafaa basi mpaka usafishwe mapema, wakati wa mvua, kisha uachwe.

Kila juma mkulima atazame kwanza mistari ya pembeni na kugeuza majani. Vidoa vyeupe na utando mwembamba ndizo dalili. Sehemu yenye utitiri aipalilie mwisho, asije akawachukua kwa nguo zake. Wala asikimbilie dawa yoyote ya wadudu, kwa kuwa nyingine huwaua maadui wa utitiri na kuwaacha utitiri wenyewe.

Mpaka wenye majani si alama ya uvivu, ikiwa mwenye shamba ajua kwa nini ameuacha.