Kiranja ni wa nani: wa mwalimu au wa wanafunzi?

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu demokrasia ni nini. Atakupa maana na aina zake kama zilivyo kwenye daftari, tena pengine kwa Kiingereza, maana ndivyo somo la Uraia lilivyofundishwa sekondari hapa Tanzania kwa miaka mingi. Sasa mwulize kiranja wake anafanya kazi gani. Atakwambia: anaandika majina ya wapiga kelele.

Zipo shule ambako viranja huteuliwa na walimu, na zipo ambako wanafunzi hupiga kura kabisa, kwa karatasi, baada ya kampeni paredini. Lakini hata penye kura, mara nyingi walimu huchuja majina kwanza, na aliyeshinda hugeuka kuwa jicho la mwalimu. Wenzake walimchagua, ila hana la kuwaeleza wala hawana la kumuuliza. Walimu wana hoja yao: darasa likijaa, mwalimu anahitaji msaidizi wa nidhamu. Ni kweli. Basi amteue msaidizi huyo mwenyewe, asisingizie kura.

Linatuhusu nini sisi wazazi wa vijijini? Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo unapaswa kukaa walau kila miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi hutakiwa kusomwa. Wenyeviti tuliowapata Novemba 27, 2024 wana miaka mitano. Katikati hapo, kinachowabana ni mkutano huo. Kijana anayemaliza kidato cha nne leo, akishatimiza miaka 18, ana haki ya kusimama na kuuliza. Je, atauliza? Kama kwa miaka 11 ameona kiongozi ni mtu wa kuogopwa, atakaa nyuma kabisa chini ya mwembe, anyamaze. Au asije.

Pa kuanzia papo, tena hapahitaji bajeti. Shule nyingi za kutwa hupokea mahindi na maharage ya wazazi kwa chakula cha mchana. Kiranja wa chakula aliyepigiwa kura angesimama paredini kila mwisho wa mwezi akasoma: yameingia magunia mangapi, yamepikwa mangapi, yamebaki mangapi. Wenzake waulize maswali, walau matatu, bila kuchapwa wala kuitwa ofisini. Muhula ukiisha wapige kura tena, abaki au apishe.

Ila mkuu wa shule atakayekubali jambo hili ajue mapema: ipo siku hesabu ya magunia haitalingana, na swali litampita kiranja, lende moja kwa moja kwa mwenye ufunguo wa stoo.