Kabla hujauza mpunga ukanunue simu

Mwezi wa sita ukiingia, Ifakara, mji wetu wa Bonde la Kilombero hapa Tanzania, hubadilika sura. Mpunga unatoka mashambani kwa trekta, bodaboda na baiskeli, mashine za kukoboa zinanguruma mpaka usiku, na wenye maduka ya simu wanatoa spika nje. Ndicho kipindi ambacho wateja wangu hapa Lipangalala huegemea dirisha la kibanda na kuniuliza, "Mama, ninunue ipi?" Mimi ni wakala. Ninaweka na kutoa fedha, ninauza vocha, na ninawaunga bando wasiopenda kuhangaika na menyu. Simu siuzi, na nadhani ndiyo sababu wananiuliza mimi.

Jibu langu huwaudhi kidogo. Ninawaambia waache kwanza bei ya simu, waniambie wanajiunga bando la shilingi ngapi.

Tuchukue simu ya kawaida tu, zile Tecno, itel au Infinix zilizojaa madukani, ya shilingi 250,000 hivi. Mwenye nayo akijiunga bando la buku kila siku, kwa mwezi ni 30,000 na kwa mwaka ni 360,000. Akidumu nayo miaka miwili atakuwa ametumia 720,000 kwenye bando, karibu mara tatu ya bei ya simu yenyewe. Dukani mtu huyohuyo atabishana nusu saa apunguziwe elfu tano na kuongezwa kava na kioo cha kulinda. Hizi laki saba hazibishanii na mtu yeyote, kwa sababu hazioni zikiondoka kwa pamoja.

Na anazilipa kwa bei mbaya. Bando la siku ni sawa na mafuta ya kula ya kupima: anayenunua kibakuli kila jioni analipa zaidi kwa lita kuliko aliyebeba dumu. Sisemi hivyo kumcheka mtu. Mama anayeuza maandazi hapa barabarani hana 20,000 ya kuweka kwenye bando la mwezi tarehe mosi. Ana mia tano ya leo, na kesho Mungu atajua. Ninachosema ni kwamba mwezi wa sita na wa saba, kwa mkulima, ndio wakati pekee wa mwaka anapokuwa na fedha ya kununua dumu. Badala yake fedha hiyo inakwenda kwenye simu, kisha miezi inayobaki anarudi kwangu na mia tano mkononi. (Kamisheni ninapata kwa kila bando dogo ninalouza, kwa hiyo haya ninayoandika yananiumiza mwenyewe.)

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji: simu mpya inakula kuliko ya zamani. Kijana mmoja wa bodaboda alinijia amefura. Simu yake ya zamani, alisema, GB moja ilikuwa inasogea karibu wiki. Hii mpya inaimaliza kabla ya magharibi. "Mama, hawa jamaa wananiibia." Nikamwomba simu. Tukaingia kwenye mipangilio, tukafungua sehemu ya matumizi ya data, na mambo yote yalikuwa pale yamepangwa kwa mistari. Juu kabisa programu ya video, zinazojicheza zenyewe moja baada ya nyingine kwa picha ang'avu ambayo simu ya zamani isingeweza hata kuionyesha. Chini yake duka la programu, likisasisha vitu ambavyo hajawahi kuvifungua. Kisha picha zake, ambazo sasa kila moja ni nzito, zikipanda mtandaoni zenyewe kujihifadhi. Kisha WhatsApp: kundi la kanisa, kundi la waliomaliza darasa la saba pamoja naye, kundi la kijiwe, na kila video ya "asubuhi njema" imeshushwa bila yeye kuigusa. Tukazima upakuaji wa moja kwa moja, tukaruhusu masasisho kwenye Wi-Fi peke yake, tukawasha kiokoa data. Akacheka. "Kumbe mwizi nimemnunua mwenyewe."

Si kwamba kampuni za simu hazina la kujibu. Tarehe 2 Aprili 2021 nchi nzima iliamka na bei mpya za vifurushi, na kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ilisitisha bei hizo siku hiyohiyo. Kichekesho ni kwamba bei zile ziliingia pamoja na kanuni zilizokusudiwa kumlinda mteja: ujulishwe bando likifika asilimia 75 na likiisha, usikatwe salio la kawaida bila ridhaa yako, uweze kumhamishia mwenzako kifurushi. Kanuni nzuri. Meseji ya asilimia 75 inafika kweli, ila kwa bando la siku inafika saa nne asubuhi.

Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, pia iliweka mipaka ya bei: MB moja ndani ya kifurushi isipungue shilingi 2.03 wala isizidi 9.35. Zidisha mwenyewe. GB moja inaweza kuwa kama 2,100 na inaweza kuwa zaidi ya 9,500, na zote mbili ni halali. Tofauti kubwa hivyo ndiyo inayofanya kila mtu hapa awe na laini mbili, wengine tatu. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako, lakini sijaona wateja wangu wakihangaika na jambo hilo. Wao huweka laini ya pili, wanaangalia nani leo ana ofa, wanajiunga huko. Muuza simu analijua hilo, ndiyo maana simu ya laini moja haipati mnunuzi Ifakara.

Na kodi tusiisahau. Ndani ya bando la 1,000 mna ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 hivi, na juu yake VAT ya asilimia 18. Ukipiga hesabu kinyumenyume utakuta zaidi ya shilingi 270 ni za serikali kabla hujafungua hata picha moja. Bajeti ya 2021/22 iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili wananchi wengi waingie kwenye intaneti, na mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa. Mimi hata ulipokuwepo niliona umelenga pasipo penyewe. Simu hununuliwa mara moja kwa miaka miwili au mitatu. Mzigo wa mtu wangu wa mia tano uko kwenye bando.

Sasa, wapo wanaohitaji simu mpya, na hao siwazuii. Dalali wa mpunga anayepiga picha ya mzigo na kumtumia mnunuzi wa Dar es Salaam kabla gari halijapakia, simu yake inajilipa ndani ya msimu mmoja. Vilevile kuna simu ambazo zimeachwa nyuma kweli. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android za kizazi cha nne. Smart Kitochi, ile iliyoletwa na Vodacom mwaka 2019 kwa bei isiyofika elfu hamsini, iliwapa wazazi wengi WhatsApp yao ya kwanza; mwaka 2024 programu hiyo haikupakulika tena kwenye simu za aina hiyo. Mtu wa namna hiyo akisema simu yake imezeeka, ninamwelewa.

Wengi wanaoniuliza si hao. Wana simu ya miaka mitatu ambayo betri imevimba au tundu la chaji limelegea. Betri mpya kwa fundi ni elfu ishirini hivi, na tundu la chaji ni chini ya hapo. Futa video za kundi la kijiwe, simu inapata nafasi. Anachokitaka mwenye simu hiyo ni kamera yenye macho matatu nyuma na maneno 5G kwenye boksi. Huduma ya 5G iliingia Tanzania Septemba 2022. Nendeni basi mkaishi dunguni huko bondeni, mwezi wa kuwinga ndege, muone hiyo 5G. Hapa mjini 4G inatosha kabisa. Ukivuka kwenda mashambani alama inashuka mpaka unapanda juu ya kichuguu kupata meseji. Kwelea kwelea wakishaingia shambani, kinachofaa ni kitochi chenye tochi, redio na chaji ya siku kadhaa. Mto Lumemo ukifurika na umeme ukakatika, hali ni hiyohiyo: nimewaona wenye simu za laki tano wakiomba kupiga kwa kitochi cha bibi.

Na tukumbuke kwamba mambo mengi yanayomgusa mkulima moja kwa moja bado yanapita kwenye kitochi. Kutuma na kupokea fedha ni kubonyeza nyota na reli. Namba ya mkulima ya ruzuku ya mbolea, tangu utaratibu huo uanze msimu wa 2022/23, inakuja kwa meseji ya kawaida. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji GB.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote ni simu za mkopo. Kenya, Safaricom walianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020: unatanguliza shilingi elfu moja za Kenya, kisha unalipa ishirini kila siku kwa miezi tisa. Huku kwetu mipango ya namna hiyo imeenea pia, na mawakala wake wanafuata watu mpaka minadani. Kwa mtu wa mshahara au biashara ya kila siku sina ugomvi nayo. Lakini mkulima wa Kilombero hana fedha ya kila siku. Anauza mwezi wa sita au wa saba. Januari na Februari anapalilia, ghala ni tupu, na kila senti imekwenda kwenye vibarua na dawa ya magugu. Ukikosa kulipa, simu inajifunga. Binti mmoja wa hapa jirani ilimfungia mwezi wa pili, na ndani yake mlikuwa na namba za wote waliokuwa wamemwahidi vibarua. Alikuja kwangu kuazima simu ampigie mama yake, na namba ya mama hakuwa nayo kichwani.

Kwa hiyo mwenye mpunga wake ndani, ninamshauri hivi. Nenda kwa fundi kwanza, aiangalie simu uliyonayo. Ikiwa haiponi, nunua ya bei ya chini inayokutosha, taslimu, na ubonyeze *#06# dukani, upate namba ya kuhakiki kwamba simu si bandia, kabla hujatoa hela. Tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa usiku mmoja, na waliolia walikuwa wanunuzi. Fedha inayobaki usiitie kwenye kamera ya tatu. Iweke kando kwa ajili ya bando la mwezi, mwezi baada ya mwezi, mpaka palizi ipite.

Ninyi wenye mitandao nina ombi moja kwenu, na TCRA walisikie pia. Vifurushi visivyo na ukomo wa muda mnavyo, lakini mtu akilinganisha MB zake na za kifurushi cha wiki anakiacha, na mnajua kwa nini. Mmeshatutengenezea bando la siku, la wiki, la mwezi, la usiku, la chuo. Huku bondeni tunauza mazao mara moja kwa mwaka. Tutengenezeeni bando la msimu: tulilipe mwezi wa saba kwa bei ya jumla, lisiishe muda wake mpaka mavuno mengine. Mteja wangu wa kwanza ninamjua tayari, ni yule kijana wa bodaboda.