Ulimwengu Haupanukii Popote

Mji wa Sumbawanga unapanuka, na kila aliyeukimbia miaka michache akarudi anaona nyumba zimesimama palipokuwa na mahindi. Ndiko kupanuka tunakokujua: kitu kinakua kwa kula eneo la jirani. Basi tukiambiwa ulimwengu unapanuka, swali linatutoka lenyewe: unapanukia wapi?

Swali hilo linadhani kwamba nje kuna shamba tupu linalosubiri kuvamiwa. Nyuma yake ipo picha ya bomu: kitu kililipuka mahali fulani, vipande vikaruka gizani, na hadi leo vinaruka. Nimeisikia darasani, kijiweni na hata mimbarini, na naipinga kwa nguvu zangu zote. Jina lenyewe la nadharia ya mwanzo wa ulimwengu limetuponza. “Mlipuko Mkuu” ni tafsiri ya maneno aliyoyatamka Fred Hoyle katika redio ya BBC mwaka 1949, naye hakuikubali nadharia hiyo hata kidogo. Tumebeba jina kutoka kwa mpinzani, tukalifanya maelezo.

Mkulima wa Ufipa ana picha iliyo bora kuliko bomu. Anajua intumba, yale matuta ya mviringo yanayofukia nyasi zioze ziwe mbolea. Chukua shamba la intumba lisilo na mpaka, kila tuta likiwa mita moja kutoka kwa jirani yake. Sasa ardhi iliyo kati ya matuta iongezeke kila mahali kwa wakati mmoja, hadi mita moja iwe mbili. Ukiwa juu ya tuta lolote, utaona la jirani limesogea mita moja, na la kumi limesogea mita kumi kwa muda uleule. Hakuna lililorushwa. Mwenzako aliyesimama kwenye tuta la mia anaona hayohayo, naye angeweza kuapa kwamba yeye ndiye yuko katikati.

Ndivyo zilivyo galaksi. Padre Mbelgiji, Georges Lemaître, alilieleza jambo hili mwaka 1927 kwa hesabu, na mwaka 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo: iliyo mbali zaidi inatuondokea kwa kasi zaidi. Kwa kila miaka-nuru milioni 3.26 ya umbali, kasi huongezeka takriban kilomita 70 kwa sekunde. Nafasi yenyewe ndiyo inayotanuka, na haihitaji nafasi nyingine ya kuimeza.

Anayeshikilia bomu lake anijibu hili. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza mnururisho hafifu, masalia ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga. Bomu lingeacha joto upande mmoja, kule lilikolipukia. Huu unatufikia kutoka pande zote, karibu sawasawa kabisa, uelekeze chombo Ziwa Rukwa au Ziwa Tanganyika, juu au kando. Mwanzo haukutokea mahali fulani ambapo tungeweza kwenda kupaweka alama. Ulitokea kila mahali, hata hapa ilipo Sumbawanga.

Wengine huniuliza: kama nafasi inatanuka, mbona ekari yangu ni ileile? Swali hili nalipenda, maana muulizaji amefikiri. Katika shamba letu matuta hayakuvimba. Kilichoongezeka ni umbali kati yake. Mwili wako, Dunia, Jua na sayari zake vimeshikana kwa nguvu ambazo utanukaji hauziwezi. Hata galaksi jirani hushikana hivyo.

Oktoba, kabla mvua hazijaanza, panda Milima ya Mbizi usiku usio na mwezi, utazame kaskazini yapata saa tano. Kile kidoa hafifu kama moshi ni galaksi ya Andromeda, umbali wa miaka-nuru milioni 2.5. Haitukimbii. Mvutano kati yake na galaksi yetu umeshinda, nayo inakuja huku kwetu, zaidi ya kilomita 100 kila sekunde.