Mchunga Hautamkinga Hawe

Kila nikisikia mtafiti amefika Kikambala kuulizia mboga za kienyeji, najua swali lake la kwanza: "Hii mnaila kwa nini?" Tunaila kwa sababu ni mboga, bwana. Mchunga tunauchemsha, tunamwaga maji ya kwanza uchungu upungue, tunautilia tui, tunaula na sima. Basi anaandika, anakausha majani, anarudi alikotoka, na baadaye unasoma ati jani fulani la Afrika "hulinda ubongo". Ukichunguza, limelinda seli kwenye kisahani cha maabara.

Sipingi utafiti. Martha Clare Morris wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, alifuatilia wazee 960 kwa karibu miaka 5. Waliokula mboga za majani kama mara moja kwa siku, akili zao zilizorota polepole kuliko za wale ambao hawakuzila au walizila kwa nadra. Tofauti kama ya miaka 11 ya umri. Akataja vitamini K, foleti, luteini. Hiyo ilichapishwa 2018. Lakini mlo aliousanifu ulipokuja kujaribiwa kwa watu 604 kwa miaka 3, matokeo ya 2023, yeye keshafariki, hayakuonyesha tofauti ya maana na kundi la kulinganishia. Sayansi ya kweli hujisuta hivyo. Wauza unga wa mlonge wa "kurudisha kumbukumbu" hawajisuti.

Ninachopinga ni kipi kinatangulia kipi. Hapa Kilifi mzee akianza kusahau haitwi mgonjwa. Akikutwa alfajiri uani kwa mtu, hajui amefikaje, akizungumza na marehemu mumewe, huyo ni mchawi. Mvi zake ndizo ushahidi. Wazee wamekatwa mapanga kwa hilo, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze, wanaishi kwa hifadhi mbali na mashamba yao. (Hayo mashamba yakumbuke. Mara nyingi nyuma ya neno mchawi kuna ekari na kijana anayezitaka.) Na mzee aliyesahau atajitetea vipi, wakati hakumbuki jana alikuwa wapi?

Hawe mmoja jirani yetu alikula mchunga maisha yake yote. Akasahau vilevile. Alipoanza kuingia nyumba za watu akidhani ni kwake, wajukuu walimhamisha usiku kwa bintiye Mombasa, kabla maneno hayajakomaa. Miezi michache nyuma alikuwa amehojiwa saa mbili nzima na mtu wa mimea. Aliulizwa majina ya majani. Hakuna aliyeuliza mbona jibu lile lile amelirudia mara tatu.

Kwa hivyo, ndugu watafiti, kabla hamjajaza gunia jingine, tengeni fungu la baraza. Njooni kwa chifu na muuguzi anayesema Kigiriama, mseme mbele ya vijana kwamba kusahau huku ni maradhi ya ubongo, yana dalili, hayaambukizi wala hayamrogi mtu. Waonyesheni familia namna ya kumchunga mzee anayetangatanga. Viti vya kukodi, hema, soda kreti chache: haifiki nauli ya ndege ya mmoja wenu. Majina ya majani tutawapa siku hiyo hiyo, baraza likiisha.