Dawa za Kuvu na Haki ya Mgonjwa wa Kerege

Ukitamka neno "fangasi" katika duka la dawa kando ya barabara ya Bagamoyo, yaelekea utapewa krimu ya kupaka au kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150. Mapunye, mba na muwasho ndivyo tunavyoijua kuvu. Kwa sababu hiyo tumezoea kuyaona maradhi yake kama aibu ndogo isiyostahili mjadala wa kitaifa. Mazoea hayo yanaua.

Ipo kuvu iitwayo kriptokoka, ambayo hukaa katika udongo na kinyesi cha ndege. Tunaivuta kwa pumzi, na mwenye kinga imara kwa kawaida hadhuriki. Kinga inapoporomoshwa na VVU, hupanda hadi kwenye ubongo na kusababisha homa ya uti wa mgongo. Makadirio ya mwaka 2020 yanaonesha kuwa iliua watu wapatao 112,000 duniani, karibu mmoja kati ya kila watano waliofariki kwa UKIMWI. Wengi wao walikuwa wa bara letu.

Kuitibu ni kazi ngumu, kwa kuwa chembe ya kuvu inafanana zaidi na chembe ya binadamu kuliko ilivyo ya bakteria. Sumu inayoiua moja huweza kuijeruhi nyingine. Upenyo mkubwa ni ergosteroli, mafuta yaliyo katika utando wa kuvu, ambapo sisi tuna kolesteroli. Amfoterisini B hushikamana nayo na kuuvuruga utando huo, lakini huumiza figo na kupunguza potasiamu, hivyo mgonjwa anahitaji dripu na vipimo vya damu. Flukonazoli huzuia utengenezaji wa ergosteroli. Huidumaza kuvu hii zaidi kuliko kuiua. Flusitosini huingia ndani ya kuvu na kuharibu utengenezaji wa DNA na RNA yake. Ndiyo maana dawa hizi huunganishwa, na ndiyo maana flukonazoli peke yake ni tiba dhaifu kwa ubongo ulioshambuliwa.

Haya si maarifa ya kuagiza kutoka ng'ambo. Dar es Salaam ilishiriki katika utafiti wa ACTA pamoja na vituo vya Malawi, Zambia na Kamerun. Matokeo yake ya mwaka 2018 yalionesha kuwa wiki moja ya amfoterisini pamoja na flusitosini ndiyo iliyokuwa na vifo vichache zaidi, takriban 24 kwa kila wagonjwa 100 baada ya wiki kumi. Mwaka 2022 utafiti mwingine, uliohusisha Uganda, ulithibitisha kuwa dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa katika mafuta, ikifuatiwa na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, haipitwi na tiba hiyo na ina madhara machache zaidi. Shirika la Afya Duniani liliukubali mpango huo mwaka huohuo.

Kabla ya hapo, mwaka 2015, utafiti wa REMSTART wa Dar es Salaam na Lusaka ulionesha jambo jepesi zaidi. Wagonjwa waliokuwa na CD4 chini ya 200 walipimwa kuvu hii katika damu, na wahudumu wa kijamii wakawatembelea nyumbani katika wiki za mwanzo za dawa za VVU. Vifo vilipungua kwa asilimia 28.

Hapa ndipo hoja inapokuwa ya kisiasa. Flusitosini ilitengenezwa mwaka 1957 na hataza yake imekwisha zamani. Ilikosekana Afrika kwa miaka mingi kwa sababu wanaoihitaji hawana fedha, wala viwanda havikimbilii soko la maskini. Soko likishindwa, dola ndiyo inayowajibika.

Wapo watakaosema kwamba wagonjwa hawa ni wachache, na kwamba malaria na kifua kikuu vitangulie. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kinga ingekuwa ghali. Kipimo cha kriptokoka ni kijiti kinachotoa jibu kwa dakika kumi. Anayegunduliwa kabla kuvu haijafika kwenye ubongo hupewa vidonge vya flukonazoli. Anayechelewa huhitaji kitanda, dripu na maabara. Uchache wa wagonjwa wanaoonekana, aghalabu, ni uchache wa vipimo.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tulikumbushwa kuwa huduma za VVU zilizosimama juu ya mfuko wa mwingine zaweza kuyumba kwa siku moja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo itapimwa na mambo ya namna hii. Kwa hiyo mwanaharakati aulize: kipimo kipo kwenye kliniki ya VVU? Anayepanga bajeti ya halmashauri ajibu: flusitosini iko katika maombi yetu kwa Bohari ya Dawa? Mwanafunzi wa famasia akatae kumuuzia kidonge cha muwasho mtu mwenye VVU anayeumwa kichwa kwa wiki mbili. Amwelekeze hospitali siku hiyohiyo.

Wagonjwa wa Dar es Salaam walikubali kufanyiwa majaribio ili dunia ijue tiba iliyo bora. Mgonjwa wa Kerege, aliye mwendo mfupi tu kutoka hapo, anastahili kuipata tiba hiyo kama haki yake.