Kisangani: Toka Rousseau mpaka Mangobo, mamlaka ya inchi ni ya nani?

Tarehe 23 Oktoba 2024, rais Félix Tshisekedi alitangazia wakaaji wa Kisangani kwamba mwaka wa 2025 angeweka tume ya kufikiria katiba mupya. Kwa wazee wa Mangobo, mwezi wa Oktoba na siasa katika muji huu vinakumbusha jambo lingine.

Oktoba 1959, chama cha MNC kilifanya mukutano mukubwa hapa, wakati muji ungali unaitwa Stanleyville. Kiongozi wake, Patrice Lumumba, alikuwa amefanya kazi ya posta miaka mingi. Alisoma sana, hata Voltaire na Rousseau. Rousseau, muzaliwa wa Geneva, aliandika mwaka wa 1762 kwamba mamlaka ni ya raia wenyewe, si ya mufalme. Mawazo hayo yalisaidia kuwasha mapinduzi ya Ufaransa ya 1789.

Wabelgiji walifundisha Kifaransa kwa Wakongomani wachache walioitwa evolue. Lakini mpaka 1957, Mukongomani hakuwa amepiga kura hata ya komine. Vitabu vilisema hivi, maisha yalisema vingine.

Hata hivyo, si Rousseau aliyeleta hasira. Kazi ya kulazimishwa, fimbo na matusi vilikuwa vimeileta zamani. Tena, Desemba 1958 Lumumba alikuwa amekutana na Kwame Nkrumah na Frantz Fanon kule Accra. Alichofanya ni kutoa wazo ndani ya kitabu na kulisema mbele ya watu kwa Lingala na Kiswahili. Hapo likapata nguvu.

Bei yake ilikuwa damu. Tarehe 30 Oktoba 1959 machafuko yalilipuka, Mangobo ikiwemo, na watu wasiopungua 20 waliuawa. Lumumba alifungwa. Desemba, MNC ilishinda uchaguzi wa muji.

Wazo lile leo ni sheria. Kifungu cha 5 cha katiba ya 2006 kinasema mamlaka ya taifa ni ya raia, kwa njia ya kura au wajumbe wao. Kifungu cha 218 kinaruhusu hata raia 100.000 kuomba katiba irekebishwe, kwa kutia sahihi. Kile cha 220 kinakataza kugusa hesabu na urefu wa muhula wa rais.

Upande mumoja unasema katiba hii iliandikwa na wageni. Mwingine unaogopa muhula wa tatu. Lakini mama wa sokoni Mangobo atachagua namna gani kama mabishano yanabaki katika Kifaransa cha wanasheria? Kazi iliyofanyika 1959 inapaswa kufanyika tena: vifungu hivi visomwe kwa Lingala na Kiswahili, mutaa kwa mutaa, mbele mutu yeyote hajaitwa kupiga kura.